Ukishakula chungwa la mtu, unamwambiaje anyamaze?

BiMkadi (Tanga):

Hodi humu waungwana. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo msisumbuke, marahaba.

Mimi ni fundi cherehani, niko Makorora hapa Tanga. Mwezi uliopita binti yangu alijifungua Arusha, na habari ilinikuta Dar nimefuata vitambaa Kariakoo. Nikajiambia, ya nini nirudi Tanga kwanza? Nipande treni ya usiku nikatokee kwa mjukuu moja kwa moja. Kiuno changu na viti vya basi havipatani siku hizi. Halafu, msinicheke, nilikuwa na hamu nayo. Nilipokuwa mtoto marehemu baba alinipandisha Tanga hadi Moshi, na mpaka leo nikisikia harufu ya mayai ya kuchemsha namkumbuka yeye na koti lake. Baadaye treni za abiria huku kwetu zikafa, ikapita zaidi ya miaka ishirini. Zilirudi Desemba 2019 mpaka Moshi, mwaka uliofuata zikafika Arusha. Ila zinatokea Dar, zinakatiza porini, zinaibukia Mnyusi na kwenda zao Korogwe. Sisi wa Tanga mjini, ambako reli yenyewe ilianzia, zinatupita kwa mbali kama shemeji aliyekosana na ukoo. Hilo nitalianzishia mada yake siku nyingine.

Nilikata daraja la tatu. Mnakaa magoti kwa magoti, na mzigo wa juu ukishajaa basi unaweka chini, ndivyo nilivyofanya na majora yangu matatu ya kitambaa. Tumetoka Dar jua bado kali, dirisha wazi, upepo ukanipiga hata hatujafika Pugu mafua yamenishika.

Kero za kawaida zilikuwepo zote, sitazisimulia sana. Dada mmoja alikuwa anatazama mafundisho ya kupika pilau kwenye simu, sauti yote juu, na kila vitunguu vikiiva anairudisha nyuma vianze kukaangwa upya. Baba mmoja alipiga simu tukiwa hata Ruvu hatujaiona, akasema, "Niko karibu na Same, pasha moto chakula." Mtoto wa watu alinipiga teke la muundi, mama yake akamwambia, "Acha, bibi atakuchapa." Mimi tena nimekuwa wa kuchapa! Haya yote niliyamudu. Niliyoshindwa kuyamudu ni ya mzee aliyekaa ubavuni kwangu.

Mzee wa watu, umri wa baba yangu mdogo, kofia ya kiua, kanzu imepigwa pasi, na neti ya machungwa katikati ya miguu. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga. Basi uso ukamchanua. Akatoa kisu kidogo, akalimenya chungwa, ganda likatoka mkanda mmoja bila kukatika hata mahali pamoja, akalikata kikofia juu akanipa. Mimi naliminya nafyonza, nasema alhamdulillahi, leo nimepata jirani.

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe.

Kumbe mzee ujanani alikuwa genge la njia, wale wanaotembea kwa miguu kukagua reli na mataruma. Kila stesheni anaijua, na kila stesheni lazima nami niijue. Mchana haikuwa neno. Soga, nikaambiwa Soga. Ruvu nikaambiwa, "Mwanangu, hapa ndipo tunapoiacha reli ya kati. Kipande hiki kutoka Ruvu hadi Mnyusi kimejengwa 1963, kabla ya hapo ukitaka kutoka reli ya Tanga kwenda reli ya kati unashuka unapanda gari." Nikasema ahaa, kweli sikujua. Ni mambo mazuri, siyakatai.

Usiku ulipoingia nikajifunika kanga. Usingizi ndio kwanza unanikolea, nasikia vidole viwili kwenye kiwiko, taratibu, kwa adabu zote: "Mwanangu. Wami hiyo." Nikafumbua jicho moja. Giza tupu. Nikasema, "Ndiyo mzee." Nikalala. Vidole viwili. "Mwanangu. Mkalamo." Sasa mtu akikuonyesha Mkalamo saa tano za usiku wewe unaona nini? Mnyusi nikaamshwa tena, na hapo akawa na mengi, kwa kuwa tumeingia reli ya Mjerumani. Kwamba ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, na Moshi haikufika mpaka 1911, hapo reli imekwenda kilomita 352. Kwamba mwaka ule ule wa 1893 ndipo Mjerumani mwingine alipoleta miche ya mkonge, ikafia njiani karibu yote, iliyopona ni 62 tu, na mashamba yote ya mkonge ninayoyajua mimi ni watoto wa hiyo 62. Nikalala nikaanza kuihesabu miche. Nilipofika arobaini na kitu: vidole viwili. "Korogwe."

Mimi si mtu wa kushindwa kusema. Bibi harusi asiyemaliza deni langu namwambia mbele ya mama mkwe wake. Lakini huyu nilikuwa nimekwisha kula chungwa lake, tena si moja, kwa Korogwe nilikuwa kwenye la tatu. Na kosa lake ni lipi hasa? Hakunitusi, hakunivutia sigara, hakunilalia bega. Ananionyesha nchi yangu.

Mombo uvumilivu ukanishinda. Nikafikiri nitumie akili. Nikamwambia kwa upole, "Mzee wangu, mimi mtoto wa Tanga, stesheni hizi nazijua zote, usijisumbue." Nikaona nimemaliza kazi. Mzee akanyamaza kidogo, akageuka na kiti chote, akasema: "Haya mwanangu. Baada ya Buiko?"

Nikasema Same.

"Hedaru!" akapiga goti lake. "Makanya! Ndipo Same!"

Ikawa mtihani mpaka alfajiri. Nilifika Arusha macho mekundu, binti yangu akadhani nimelia kwa furaha ya mjukuu.

Swali langu kwenu, na nataka maneno yenyewe, sitaki "ungemwambia tu kistaarabu". Kistaarabu ndiko kupi? Mngetamka nini, neno kwa neno, kwa mzee wa makamo yale ambaye chungwa lake liko tumboni mwenu?

---

Chungwa la Neti (Korogwe):

Bi Mkadi shikamoo. Mimi ni katika wale vijana wa kuuza treni ikisimama Korogwe, na neti uliyoiona kwa mzee hata kama hakuinunua kwangu basi ni ndugu na za kwangu. Machungwa mengi tunayafuata Muheza.

Kabla sijakujibu nami nitoe langu, maana abiria mnaongelea kero za ndani na hamjui mnavyoonekana kutoka chini. Treni ikisimama sina muda. Abiria anachungulia dirishani, "Kijana, machungwa matamu?" Namwambia matamu. "Menya moja nionje." Nimemenya. Anaonja, anampa na jirani aonje. Jirani anasema ya wiki iliyopita yalikuwa matamu zaidi. Honi inalia. Hapo sasa ndipo wote wawili wanataka, ya shilingi elfu moja, na anatoa noti ya elfu kumi! Mimi nimekimbia na chenji ya watu mpaka jukwaa likaisha, nikaendelea kwenye kokoto. Ndala zangu mbili zimebaki kwenye reli ile kwa nyakati tofauti. Na wapo ambao wameondoka na machungwa na pesa wameshika mkononi wakinipungia kama wanakwenda Hija.

Tena mfuko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, nchi nzima inajua, lakini mtu yuko dirishani saa saba za usiku anataka mfuko "wa kishkaji tu". Nitautoa wapi? Ndiyo maana tunafunga neti.

Swali lako sasa. Mama, ukiwa na mzee wa hivyo usimwambie lolote. Muulize habari za mtu mwingine. Mwambie, "Mzee, yule dada wa pilau anaonekana hajui Mkalamo ni wapi." Atahamia kwake mwenyewe. Nimeona wazee wa njia wengi pale stesheni, wao wanataka sikio tu, hawachagui la nani.

---

Usingizi wa Pono:

Mimi nakoroma. Naomba radhi kwa wote niliosafiri nao tangu 2019. Nimemaliza.

---

Mzee wa Mafaili (Dodoma):

Salaam. Mimi kwetu Pangani lakini kazi imenipeleka Dodoma, kwa hiyo treni yangu ni ile mpya ya umeme. Ilipoanza safari za Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, nilikuwa katika watu wa mwanzo mwanzo kupanda. Nilidhani kero zimebaki reli ya zamani. Wapi! Zimehama na sisi, zimevaa suti.

Kwanza, dirisha halifunguki. Hili watu hawalifikirii. Reli ya zamani mtu akifungua kontena la samaki wa kukaanga, harufu inatoka na upepo, inawanufaisha mbuzi wa Ruvu. Kule kwetu harufu inazunguka na kiyoyozi, inawatembelea abiria mmoja mmoja kwa zamu, na saa moja baadaye inarudi kwako kukusalimia. Mimi sasa najua nani ametoka nyumba gani kwa anachokula.

Pili, namba za viti. Tiketi imeandikwa namba, kiti kimeandikwa namba, namba zinafanana, lakini unamkuta mtu amekaa dirishani kwako na anakwambia, "Kaa tu hapo ndugu, viti vyote vinafika Dodoma." Huyo huyo akija mtu kwenye kiti alichokusukumia, anakuangalia wewe kama ndiye uliyevunja sheria. Zamani nilikuwa nanyamaza. Siku hizi nasimama pembeni yake na tiketi mkononi, sisemi kitu, natabasamu. Hakuna mtu anayestahimili tabasamu la mtu aliyesimama zaidi ya dakika mbili. Bi Mkadi, hii ndiyo dawa ninayoijua, ila sioni itakusaidiaje kwa mzee anayekuamsha, kwa sababu utatabasamu naye atadhani unataka kujua zaidi.

Tatu, kushuka. Treni bado inakwenda kasi, Dodoma iko mbele huko, watu wote wameshasimama njiani na mabegi mgongoni. Milango haifunguki mpaka treni isimame, na haiondoki Dodoma na mizigo yetu. Basi tunasimama pale, begi la mtu liko kwenye pua yangu, kila mmoja anamsukuma mwenzake kuelekea kwenye mlango uliofungwa. Nimesafiri na mkubwa mmoja wa heshima, jina lake naliweka, naye alisimama. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wote wamesimama." Nami nikagundua nimesimama.

---

Mla Ubwabwa (Chumbageni):

Bi Mkadi umetuaibisha Watanga. Tangu lini mwanamke wa Tanga akakosa namna ya kumwambia mtu bila kufungua mdomo? Kanga ulijifunika ya nini, ya maua? Ungejifunika ile ya "Kelele za mlango haziniwasi usingizi", ukamgeuzia upande wa maandishi. Mzee wa kofia ya kiua ni mtu wa pwani, angesoma, angeelewa, na msingekosana.

Ukiona hiyo kali, ipo ile ya "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Hiyo ni ya heri kwa safari, ila haitamnyamazisha mtu.

---

BiMkadi:

Wewe wa Chumbageni nimecheka mpaka mteja ameniuliza kuna nini. Kanga niliyokuwa nayo ilikuwa ya pole, nilivaa kwa ajili ya msiba wa jirani nikasahau kubadilisha. Labda mzee aliona nahitaji kuchangamshwa.

Chungwa la Neti, marahaba mwanangu. La kumsukumia dada wa pilau sikuliwaza kabisa. Na pole na ndala. Mimi chenji yangu huwa nayo mkononi kabla treni haijasimama, waulize wote.

Mzee wa Mafaili, habari ya harufu kuzunguka kwa zamu imenitia hofu, nilikuwa nimepanga kupanda hiyo mwakani na kontena langu la papa wa nazi.

---

Pwani Mbali (Ujerumani):

Assalaam alaykum. Mimi wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, sasa mwaka wa tisa niko Ujerumani, kwa hao hao waliojenga reli ya mzee.

Shangazi, usilete papa wa nazi. Nitakwambia kwa nini. Huku kwenye treni za mbali kuna sehemu ya behewa iliyotengwa kwa ukimya. Imechorwa alama ya kidole mdomoni. Hupigi simu, huongei kwa sauti, muziki hata kwa vipokea sauti usisikike nje. Mwaka wangu wa kwanza nilikata kiti humo bila kujua, nikaona tu hapana kelele nikafurahi. Mama alikuwa amempa mtu aniletee papa mkavu kutoka nyumbani, nikamtengeneza na wali, nikamfunga vizuri. Tumetoka Hamburg, njaa ikaniuma, nikafungua.

Hakuna aliyesema neno. Mama wa mbele yangu aliinuka, akachukua koti, akahama. Nikadhani anashuka. Akaja kijana akakaa pale pale, baada ya dakika tano naye akainuka. Wa upande wa pili akafuata. Mimi naendelea kula, nafurahi nimepata nafasi ya kunyoosha miguu. Nilifika Berlin nimezungukwa na viti vitupu, na sikuelewa mpaka rafiki yangu mmoja aliponieleza baada ya miezi. Miezi! Nimekwisha kurudia mara mbili tatu hapo katikati.

Ndiyo maana mimi nasema mwambie. Yule mama angeniambia "kijana, chakula chako kinanuka," ningeona haya siku moja, nikafunga kontena. Alivyonyamaza naona haya mpaka leo na sijui hata jina lake. Mzee wako angependa kujua, shangazi. Maneno yenyewe uliyoyataka ni haya: "Baba, nisamehe, usiku huu sikuweza kulala na kesho napokea mjukuu. Nilale hadi Same, kisha unihadithie yote." Umemwita baba, umempa sababu, umempa na miadi. Mtu wa pwani hakatai miadi.

---

Mkweli Mtupu:

Watu wazima mnajadili chungwa. Nchi hii ina matatizo.

---

Usingizi wa Pono:

Mkweli Mtupu, mbona wewe umesoma mpaka huku chini?

---

BiMkadi:

Pwani Mbali, wa alaykumu salaam. Maneno yako nimeyaandika nyuma ya daftari la vipimo, kati ya kiuno cha bibi harusi mmoja na mabega ya mama yake. "Nilale hadi Same, kisha unihadithie yote." Hili linasemeka. Na papa nimeghairi.

Ila nina shaka moja. Mzee mwenyewe alishuka Moshi. Kutoka Same hadi Moshi angepata wapi muda wa kunihadithia yote? Kahe peke yake, ambako kuna reli inayochepuka kwenda Taveta, ilimchukua muda wa kumenya machungwa mawili.

---

Kiti cha Nyuma:

Habari zenu. Huwa nasoma tu, sichangii, lakini hapa imebidi.

Mama, shikamoo. Treni hiyo, kulikuwa na dada wa pilau, na baba aliyekuwa "karibu na Same" tukiwa Ruvu? Mzee wa kofia, kisu kidogo, neti katikati ya miguu? Kama ndiyo, mimi nilikuwa nyuma yako, migongo ya viti vyetu imegusana.

Sijui niseme vipi. Mama, mzee yule hakuwa anakuamsha stesheni.

Mwanzo sisi wa nyuma hatukujua sauti inatoka wapi. Mtoto aliyekupiga teke ndiye aliyetuambia, "Bibi analia." Hukuwa unalia. Ulikuwa unakoroma, na kwa kuwa ulikuwa na mafua, ilikuwa na mluzi mwishoni. Kuna mtu akasema aamshwe, mwingine akasema mwacheni ni mtu mzima, amechoka. Mzee akageuka akatuambia, "Nyamazeni, huyu ni mgeni wangu, nitamgeuza mimi." Basi ikawa hivyo. Ukianza tu, anakugusa kiwiko kwa vidole viwili. Wewe unashtuka, na yeye kwa kuwa hawezi kukwambia mwanamke wa watu mbele ya behewa zima kwamba unakoroma, anatafuta la kusema. Akichungulia nje anakutajia stesheni. Mara nyingine hapakuwa na stesheni yoyote. Ile "Mkalamo" ya kwanza tulikuwa porini kabisa, nilikuwa natazama dirishani. Mkalamo yenyewe tulifika baadaye, na hukuamshwa kwa sababu ulikuwa umelalia ubavu.

Habari za 1893 na miche ya mkonge zilikuwa za kukuweka macho kidogo ili na sisi tupate kulala. Tulilala kuanzia Mnyusi hadi Korogwe. Tulimshukuru sana.

---

Mla Ubwabwa (Chumbageni):

Allahu akbar.

---

Usingizi wa Pono:

Bi Mkadi karibu chamani. Kadi ya uanachama ni bure.

---

Mzee wa Mafaili (Dodoma):

Nimesoma hii nikiwa kazini, nimelazimika kutoka nje ya ofisi.

---

BiMkadi:

Kiti cha Nyuma, marahaba. Watu wanafanana. Treni ile ina mabehewa mengi na machungwa ya Muheza kila mtu anayo. Hebu nitajie, huyo mama unayemsema wewe alikuwa na mzigo gani?

---

Kiti cha Nyuma:

Majora matatu ya kitambaa, mama, yamefungwa kwa kamba ya katani, yamewekwa chini. Moja la bluu lilikuwa limechomoza nyuma kupitia chini ya kiti mpaka kwenye miguu yangu. Nilikaa nimeikunja tangu Dar hadi Same. Sikutaka kukwambia, kwa sababu Korogwe mzee alikutuma unipitishie chungwa, ukanipa kwa mkono wako, nami nikala.

---

BiMkadi:

Mwanangu, la bluu ni la sare za shule, lilikuwa na yadi nyingi ndiyo maana lilichomoza. Pole sana na miguu. Siku ukipita Tanga uliza Makorora kwa Bi Mkadi wa cherehani, nitakushonea shati, hulipi.

Lakini kukoroma mimi sikoromi. Yale yalikuwa mafua.